"Kukaa kwa mama mboga" pia ni utafiti

"Watu thelathini tu? Huo si utafiti, hizo ni porojo." Wanaochunguza maisha ya mitaani kwa kukaa, kutazama na kuzungumza na wakazi wameizoea kauli hii. Kosa lake ni kudhani kila swali hujibiwa kwa kuhesabu.

Sensa ya 2019 ilipata watu 4,397,073 jijini Nairobi. Sawa, tunaihitaji. Lakini nenda Pipeline, Embakasi, ambako maghorofa ya kupangisha yamebanana hadi vyumba vya chini huwashwa taa mchana. Dodoso litauliza: "Una maji ya mfereji?" Ndiyo. Ukae sasa kwenye ngazi jioni moja: mfereji umekauka, mitungi ya lita 20 inapandishwa hadi ghorofa ya sita, na mwenye mtoto mchanga anamlipa kijana wa jirani ambebee. Ile "ndiyo" haikuwa uongo, ila ilificha mengi.

Wala si kupiga soga ovyo. Mtafiti huomba kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, inayoidhinisha utafiti nchini Kenya), hupata ridhaa ya wahusika, huandika daftari usiku uleule kabla mambo hayajamtoka kichwani, kisha hurudi kwa mpangaji, keateka (mtunza jengo) na mwenye ploti, maana kila mmoja ana kisa chake kuhusu jengo lilelile. Anatafuta jinsi mambo yanavyokwenda na kwa nini. Akianza kutangaza "asilimia fulani ya wakazi wa Nairobi" kwa watu wake thelathini, hapo mkosoeni, tena bila huruma.