Mama wa sambaza na matope mekundu

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja aliniuliza: "Yaya, huyu mama wa sambaza ulimpiga foto wapi?" Nikajibu haraka: Birere, hapa hapa Goma. Usiku nikaifungua picha kwenye kompyuta na kuikuza upande wa chini. Miguu ya mama ina matope mekundu. Birere matope mekundu yametoka wapi? Goma tunakanyaga mawe meusi ya volkano na vumbi lake. Picha ile niliipiga Bukavu, kwenye mteremko wa Kadutu, safari niliyokwenda kwa boti. Sambaza, wale samaki wadogo anaouza mama, zinauzwa pande zote za Ziwa Kivu, kwa hiyo hazikunisaidia kitu. Udongo ndio ulioniumbua.

Ndiyo maana nikitafuta mahali pa picha naanzia pembezoni, mtu aliye katikati namwacha kwanza. Simu huandika mahali ndani ya faili yenyewe, ila ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, habari hizo zinafutwa. Kamera yangu haina hata GPS. Ina saa tu, nayo kwa muda mrefu ilifuata Kinshasa, iliyo nyuma yetu kwa saa moja, ikawa inaniharibia hesabu ya vivuli. Na vivuli vya Goma vina ujanja wao, kwa kuwa tuko karibu na ikweta: mwezi wa 6 kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, mwezi wa 12 huangukia kaskazini. Bila tarehe, kivuli hicho kitakupoteza.

Mlima ni shahidi bora zaidi. Nyiragongo, volkano yetu ya mita 3,470, uko kaskazini mwa mji. Ukionekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, natafuta kitu kilichosimama sawasawa mbele ya kilele, tuseme mnara wa simu. Navuta mstari kwenye ramani ya OpenStreetMap kutoka kileleni kupitia mnara huo. Nilisimama mahali fulani juu ya mstari. Vitu vingine viwili vilivyopangana vinanipa mstari wa pili, na inapokatana ndipo nilipokuwa. Kwa njia hiyo picha ya kijana wangu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, niliyoiandika mtaa wa Ndosho miaka yote, ilihamia mtaa wa Majengo.

Picha za safari ya Kampala hazinisumbui: magari yakishika kushoto, ni Uganda, maana Kongo na Rwanda tunashika kulia.

Kazi ngumu ni picha za kabla ya tarehe 17 mwezi wa 1, 2002. Siku hiyo lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, nyumba zikazikwa, watu wakajenga upya juu ya mawe. Mlango unaouona kwenye picha huenda leo uko chini ya miguu yako. Hapo ramani naiacha, nachapisha picha na kuwapelekea wazee wa mtaa.

Siku hizi, kabla ya picha nzuri napiga kwanza moja mbaya: kibao cha duka, kona, mlima. Isipokuwa karibu na mpaka au askari. Huko kamera inakaa ndani ya mfuko.

Mteja nilimwandikia: Kadutu, Bukavu. Akataka na uchochoro wenyewe. Sikumpa, kwa sababu uso wa mama unaonekana wazi, na yeye alikubali kupigwa picha tu.