Usiridhike na ile namba ndogo ya stetimenti

Kadi ya mkopo ina nafuu kwa mtu mmoja tu: yule anayelipa deni lote kabla ya tarehe. Nimekaa miaka mingi kitengo cha kadi katika benki moja hapa Mombasa, na siku hizi nawashauri wenye madeni. Mtu akiniletea stetimenti, simwulizi alinunua nini. Natazama namba mbili: deni lote, na kiasi cha chini anachotakiwa kulipa. Nikiona amelipa ile ndogo miezi mitatu mfululizo, najua tuna kazi.

Tupige hesabu. Unadaiwa shilingi 60,000, riba ni 3.5% kwa mwezi, na benki inataka angalau 5% ya deni. Unatoa 3,000 na roho yako imetulia, kwani umelipa. Lakini 2,100 katika hizo zimekwenda kwa riba; deni lenyewe limepungua kwa 900. Endelea hivyo mwaka mzima bila kununua hata biskuti kwa kadi hiyo: utakuwa umetoa kama 33,000, na bado unadaiwa kama 50,000. Hapo sijatia ada ya mwaka wala faini ya kuchelewa. Viwango hutofautiana benki hadi benki, kwa hivyo shika stetimenti yako na kalamu ufanye hesabu yako mwenyewe.

Kuna na zile siku zisizo na riba ambazo watu wa mauzo huzisifu sana. Zipo kweli, ila hazihesabiwi jinsi wengi wanavyodhani. Tuseme stetimenti yako hufungwa tarehe 15, na mwisho wa kulipa ni tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Friji uliyoinunua 16 Machi utailipa 5 Mei, yaani una siku 50. Ukiinunua 14 Aprili, tarehe ya kulipa ni ile ile 5 Mei, na siku zako ni 21 tu. Na kwa kawaida ukibakiza deni la mwezi uliopita, hata kidogo, nafuu hiyo inakatika: kila unachonunua kinaanza kula riba tangu siku ulipokinunua. Hili ndilo watu huja kugombana nalo kaunta.

Kutoa pesa taslimu kwa kadi hii ndiko kubaya zaidi. Muuza leso mmoja wa Biashara Street alikuwa akienda ATM kila mzigo ukifika, anatoa pesa kumlipa aliyemletea. Nikamwonyesha kwa kidole mistari miwili chini ya kila muamala: ada ya kutoa, kisha riba iliyoanza siku hiyo hiyo. Akaniambia, "Dada, mimi nilidhani hii ni kama kadi yangu ya kawaida." Sikumlaumu. Kadi zote mbili zina rangi moja na nembo moja. Mojawapo inatoa pesa zako, nyingine inakukopesha.

Wanaokwenda Dubai kuchukua mali nao wasikilize. Mashine ya dukani ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dirham, chagua dirham. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilisha inapangwa na upande wa mwenye duka, na aghalabu utaumia.

Hapa kwetu swali la riba haliepukiki. Wapo wanaosema ukilipa deni lote kwa wakati huna riba uliyotoa. Wapo wanaosema kule kutia sahihi mkataba wenye sharti la riba ndiko kwenye tatizo. Mimi si shehe, muulize unayemwamini. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa manunuzi mengi ya mtandaoni kadi ya kawaida ya akaunti yako, ikiwa ni Visa au Mastercard, inatosha kabisa. Benki za Kiislamu, kama Gulf African iliyoanza 2008, zipo pia, nenda ukaulize wana utaratibu gani.

Kuhusu wezi ni fupi: anayekupigia simu akitaka namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe si mtu wa benki, hata akikutajia jina lako kamili. Kata simu.

Na aliyekwisha kuzama? Weka kadi kabatini, kisha nenda benki mwenyewe kabla hujatafutwa. Deni likipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa bovu, na jina lako linaripotiwa hivyo CRB, ofisi inayoweka kumbukumbu za wakopaji. Omba deni ligeuzwe mkopo wa kawaida wa kulipa kila mwezi, ambao riba yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kadi, na mkikubaliana dai barua. Ujue pia kwamba kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: deni likishakuwa bovu, riba unayodaiwa haiwezi kuzidi deni la msingi ulilokuwa nalo siku hiyo. Wengi wanatozwa zaidi kwa kutojua hilo.

Ukimaliza kulipa, chukua barua ya kumaliza deni, kisha omba ripoti yako ya CRB. Ya kwanza kila mwaka ni bure. Hakikisha deni hilo limeandikwa limelipwa. Kama bado, rudi benki na hiyo barua mkononi.