Mfundishe mwanao karata, hesabu zitafuata

Nafundisha hisabati madarasa ya chini, na kila likizo ikikaribia wazazi huniuliza mtoto afanye nini nyumbani asije akarudi shule amesahau kujumlisha. Nikiwajibu "mnunulieni karata", wengine hukunja uso palepale. Karata kwa wengi wetu ni za kijiweni, na kijiweni kuna kamari. Kwa hiyo nyumbani hakuna dau, hata la pipi: pipi ikishawekwa katikati, mtoto haangalii tena namba, anailinda pipi. Kama imani yenu haipokei karata kabisa, kateni boksi vipande, andikeni 1 hadi 9 mara nne, na mchezo wa Kumi ulio hapa chini utachezeka vilevile.

Kwa wa miaka minne au mitano, anza na Vita. Toa wenye picha, gawa sawa kwa sawa, kila mmoja afunue ya juu, mwenye kubwa azoe zote mbili. Mtu mzima huchoka haraka maana ni bahati tupu, lakini hiyo bahati ndiyo inayomwezesha mtoto kukufunga kihalali bila wewe kujilegeza. Mwache ahesabu alama kwa kidole. Nane ya kopa ina makopa manane yamechorwa pale, namba na idadi yake viko pamoja. Akizoea, kila mmoja afunue mbili na kujumlisha.

Akianza darasa la kwanza, mhamishie kwenye Kumi. Toa wenye picha na zile kumi zote, zinabaki karata 36. Ree, yaani karata yenye A, ni moja. Kila mchezaji apewe tano, nyingine zilale kifudifudi katikati. Kazi ni kutafuta jozi za kumi: mwenye saba anamwuliza mwenzake, "Una tatu?" Akiwa nayo anaitoa, akiwa hana anajibu, "Kavue!" na muulizaji anaokota moja katikati. Mtazame mtoto mwenye saba mkononi. Anaziweka karata chini, anakunja vidole saba, anavitazama vitatu vilivyosimama, ndipo anauliza. Usimjibie. Baada ya michezo kadhaa vidole havikunjwi tena.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba unajisahihisha wenyewe. Karata 36 lazima ziishie kwenye jozi 18. Zikibaki mbili zisizofanya kumi, tuseme sita na tano, kuna mtu kaoanisha vibaya huko nyuma. Waambie wafunue jozi zote wamtafute. Watoto hufurahia upelelezi huu kuliko mchezo wenyewe.

Mikono midogo haishiki karata nyingi bila kuzimwaga. Simamisha daftari lililofunguliwa mbele yake liwe ukuta, azipange nyuma yake.

Lastikadi, mchezo wa kuwahi kumaliza karata mkononi, sina haja ya kuieleza sana, watoto huja nayo kutoka mtaani, na kila mtaa una sheria zake; Wakenya wao husema "niko kadi" wakikaribia kumaliza. Ninachosisitiza ni kukubaliana adhabu za kuokota kabla ya kugawa. Vinginevyo ni ugomvi.

Ninaoupenda kuliko yote ni wahedi wa sitini, kwa mtoto wa miaka tisa au kumi hivi. Toa nane, tisa na kumi, zibaki 40. Mnacheza wanne, wawili kwa wawili, wenza wakikaa mkabala, kila mmoja na karata kumi, na aina moja ni turufu, yaani inazila aina nyingine zote. Ikitoka kopa, mwenye kopa sharti atoe kopa. Asiye nayo anaweza kukata kwa turufu. Ree ina pointi 11, saba 10, kingi 4, jeki 3, kwini 2. Mbili hadi sita ni magarasa, hazina kitu. Watoto lazima waulize kwa nini saba anamla mfalme. Nawaambia ndivyo wazee wanavyocheza. Wareno nao wana mchezo wao wa Sueca wenye hesabu hiyohiyo.

Kila aina ina pointi 30, aina nne ni 120, kwa hiyo 60 ni sare na 61 ni ushindi. Mchezo ukiisha, kataza kuhesabu mafungu yote mawili ya karata zilizoliwa. Mtoto ahesabu lake tu: ree mbili 22, saba mbili 20, kingi watatu 12, jeki mmoja 3, kwini watatu 6. Jumla 63. "Na wao wana ngapi?" Anatoa kwenye 120, anasema 57, na wapinzani wakibisha wafungue lao wahakikishe. Katikati ya mchezo pia anakumbuka saba gani zimeshapita na turufu ngapi bado ziko nje, kazi ambayo daftari halimpi.

Wenza hawaruhusiwi kusemezana, na watoto hugundua ishara mapema mno: kukohoa kwa kopa, kukuna sikio kwa shupaza. Sigombi. Nawabadilisha wenza kila mchezo, na ile ishara aliyomfundisha dada yake sasa dada anaisoma akiwa upande wa pili.