Kadi ya salamu na upande wa pili wa santuri

Kila Jumapili saa nane mchana naingia studio hapa Tabora na vitu viwili mkononi: boksi la kadi za salamu na mkoba wa santuri. Watangazaji vijana huniuliza kwa nini nisipige zilipendwa kutoka kwenye kompyuta. Zimo, tena tele. Shida ni kwamba nyingi ni nusu nyimbo.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika tatu hivi kila upande, nne ikijitahidi sana. Bendi zetu za dansi hazikupiga wimbo wa dakika tatu. Ukumbini wimbo ulianza taratibu, mwimbaji akasimulia kisa chake mpaka beti zikaisha, ndipo magitaa yakashika uwanja: solo linaita, rithim linaitikia, besi linasukuma, tumba zinapanda. Hapo ndipo penye chemko. Wimbo wa namna hiyo ukitolewa kwenye santuri hukatwa vipande viwili, kisa upande A, chemko upande B. Waliozihamishia nyimbo hizi kwenye kompyuta wengi wao waliishia upande A.

Msikilizaji analijua hilo kuliko sisi. Mzee mmoja mkulima wa tumbaku alikuja kutoka Urambo na kadi yake mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanipa yake: "Mwanangu, nimelipia salamu, nimewaita wajukuu wakae, wewe unakata wimbo gitaa halijaanza kusema!" Akafungua mfuko, akatoa santuri yenyewe, imeviringishwa kwenye kipande cha kitenge, vumbi limeganda kwenye mifereji.

Tuliisafisha pale pale. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya maji, kitambaa laini, na mkono unazunguka kufuata mifereji, kamwe usiikate. Karatasi ya katikati isilowe. Ukiwa na zile nzito za zamani za mizunguko 78, spiriti usiikaribishe kabisa, inazila. Tukaisimamisha ikauka, jioni ile nikaipiga pande zote mbili.

Kipindi hiki hakina mdhamini. Kinabebwa na kadi. Mtu anainunua dukani, anajaza jina lake na mahali alipo, anawataja anaowasalimu, anachagua wimbo, anamalizia na ujumbe. Fedha hiyo ndiyo mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Sindano ya santuri ilipovunjika, wanasalamu walichanga wenyewe, tukaagiza nyingine Dar es Salaam. Kwa hiyo anayetuma kadi ni mwenye kipindi, na ninamsomea hivyo. Kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani kilikuwa kinasoma salamu juu ya muziki, haraka haraka, gitaa likilia chini kama mtu aliyefungiwa chumbani. Wanasalamu wakahama mmoja mmoja. Mimi nasoma kwanza, majina yote, halafu nanyamaza.

Wanachoomba? Wa mjini hapa wanataka vya kwao: Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, Nyanyembe Jazz, na wazee kabisa wanaulizia Kiko Kids ya Salum Zahoro. Siwalaumu. Mji ulio mbali namna hii na Dar es Salaam ulikuwa na bendi ambazo nchi nzima ilizicheza, na nadhani hatujausimulia ukweli huo vya kutosha. Reli ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na wanamuziki wakaifuata. Shem Karenga, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mtu wa Kigoma. Alipigia Lake Tanganyika Jazz kwao kabla ya kuja Tabora Jazz. Wenye asili ya Ujiji nao hawakosi kuomba rumba ya Kongo, Franco hasa. Ng'ambo ya ziwa kwao ni jirani.

Kadi zinazonigusa zaidi hutoka huko huko, Uvinza na Ujiji, zikiletwa na abiria wa treni. Sisi ni FM. Mawimbi yake huenda moja kwa moja, hayapindi kufuata ardhi, kwa hiyo Kigoma hayafiki. Mtumaji hatusikii kabisa. Analipia wimbo usikiwe na dada yake wa Isevya au shemeji yake wa Kiloleni, na wao wanamrekodia kwenye simu na kumtumia.

Jumapili iliyopita ilikuja moja ya Ujiji, mwandiko wa mtu mzima, herufi zimesimama wima. Majina sita. Kwenye nafasi ya ujumbe ameandika: "Naomba zote mbili." Nikaisoma, nikaweka sindano. Upande A ulipoisha nikainua mkono wa mashine, nikageuza santuri. Studio nina mashine moja tu, kwa hiyo hewani palikuwa kimya sekunde kama kumi, kisha mkwaruzo, kisha solo likaingia. Hakuna aliyepiga simu kuuliza kama tumezimika.