"Panafikika" si "pako karibu"

Juzi nimeletewa tena tangazo la kiwanja Morogoro: "Kinafikika, kipo jirani kabisa na SGR." Ni jirani na hiyo reli ya kisasa kweli. Lakini kati ya Ngerengere na Morogoro treni hiyo haina kituo cha abiria, na njia imezungushiwa uzio. Mwenye kiwanja atalala akisikia treni ikipita, na asubuhi atapanda bodaboda kama wengine hadi stesheni ya Morogoro, iliyoko Kihonda.

Ufikikaji, kwa kifupi, ni wepesi wa kutoka ulipo hadi kwenye shughuli zako, ukipimwa kwa muda na nauli. Huo ndio unaopandisha bei ya ardhi: mnunuzi analipia leo saa na nauli atakazookoa miaka ijayo.

Neno lenyewe halina siri. "Nikienda Moro nafikia kwa shangazi": kufikia ni tendo la mtu, kwa hiyo ufikiaji ni wa msafiri. Ukiweka -ik- au -ek- kwenye kitenzi, enda inazaa endeka, pita inazaa pitika, fika inazaa fikika. Hiyo ni kauli ya kutendeka, inayosema jambo lawezekana. Ufikikaji basi ni sifa ya mahali. Karibu haibebi uwezekano wowote, inabeba mita tu. Mto usio na daraja ukipita katikati, ng'ambo ni karibu na hapafikiki.

Wapo pia wanaosema kinafikika kwa kuwa gari linafika hadi mlangoni. Hiyo ni barabara kupitika, na masika yakija ni jambo la kushukuru. Ila barabara yaweza kupitika mwaka mzima, nawe ukasimama saa nzima kungoja daladala.

Kwenye miji ya kiasi cha Morogoro tofauti hii ina uzito zaidi. Dar, mtu wa Kimara akipata basi la mwendokasi anaweza kuokoa muda mwingi kila siku, na bei ya nyumba inalijua hilo. Morogoro bajaji inakufikisha sokoni upesi kutoka mitaa mingi, hivyo kituo cha daladala mbele ya nyumba kinaongeza thamani kidogo. Kinachogeuza hesabu ni safari ya mji hadi mji. SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, Dar ikawa chini ya saa mbili kwa Sh 13,000 daraja la kawaida, safari ambayo kwa basi mara nyingi inazidi saa nne. Faida hiyo huhesabiwa kuanzia mlango wa nyumba hadi mlango wa kazini. Bodaboda ya alfajiri imo, na muda wa kusubiri umo.

Tena thamani kwa nani? Kupakana na stendi ya Msamvu kunamfaa mwenye fremu au gesti. Mwenye mtoto mchanga atataka akae mitaa miwili nyuma, asikie honi kwa mbali.

Ndugu zangu madalali, kiwanja kikipakana na reli, semeni kinapakana na reli. Barabara ikiwa nzuri, semeni inapitika. "Kinafikika" lisemeni pale mnapoweza kumtembeza mnunuzi kwa miguu kutoka kiwanjani hadi stesheni, naye akiangalia saa yake.