Masomo ya sayansi ya muhula wa kwanza Marekani: angalia somo linalofuata

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani hupokea barua pepe ya kuwataka wajisajili masomo. Wengi hushtuka. Nyumbani, ukichaguliwa kusoma uhandisi, masomo ya mwaka wa kwanza yameshapangwa na idara, na kazi yako ni kunakili ratiba ubaoni. Kule, kijana aliyemaliza shule juzi hufunguliwa ukurasa wenye mamia ya masomo na majina ya walimu asiowajua, akaambiwa achague mwenyewe, tena mapema, kabla nafasi hazijajaa.

Katika ofisi yetu ya ushauri wa masomo maswali yanayotufikia majira haya ni mawili: nisome nini, na nimchague profesa gani. Nayajibu yote mawili kwa namna moja. Usitazame somo la muhula huu peke yake. Tazama linalokuja nyuma yake, maana sayansi ya chuo hupangwa kwa mnyororo.

Chukua kemia. Kemia ya jumla ya kwanza inafungua ya pili, ya pili inafungua kemia ya oganiki ya kwanza, kisha oganiki ya pili, na katika vyuo vingi ndipo unaruhusiwa kusoma biokemia. Hiyo ni mihula 5 inayofuatana bila kuruka. Ukianza Agosti ya mwaka wa kwanza, biokemia inakukuta mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Ukisema utaanza kemia Januari baada ya kuzoea mazingira, na chuo chako kinafundisha kemia ya jumla ya kwanza muhula wa Agosti tu, umejichelewesha mwaka mzima. Kwa wahandisi na wanafizikia mnyororo mkuu ni hisabati: kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, milinganyo tofautishi, na fizikia inayotembea sambamba nayo. Biolojia ina nafasi zaidi ya kusubiri, na baadhi ya vyuo hutaka uwe umeanza kemia kwanza. Ndiyo maana mwanafunzi wa sayansi ambaye hajaamua shahada gani ataifuata namwambia aanze na kemia na hisabati. Hizo mbili hazimfungii mlango wowote.

Swali linalofuata ni uanzie ngazi gani, na hapa ndipo ninapoona watu wakiumia zaidi. Mtanzania aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) na Advanced Mathematics amekwishaonja kalkulasi kwa kina. Aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) akapitia BAM, hisabati tumizi ya msingi, ameigusa, lakini hakuikalia. Mkenya aliyetoka kidato cha nne na KCSE alikutana na kanuni za kutafuta mteremko na eneo chini ya mkunjo wa grafu mwishoni mwa silabasi, pengine wiki chache kabla ya mitihani. Wote watatu wanaweza kuwa na alama A kwenye cheti, na bado wasifae kuanzia darasa moja.

Vyuo vingi huwapima wanafunzi kwa mtihani wa upangaji unaofanywa kwa kompyuta kabla ya kuwasili. ALEKS ni mmojawapo unaotumika sana. Tafadhali ufanye peke yako. Usimweke kaka aliyemaliza uhandisi pembeni yako, wala usitafute majibu mtandaoni, kwa sababu mtihani huo haukupi alama ya kujivunia. Unakupa kiti, na ukipewa kiti kisicho chako utakikalia kwa wiki 15. Kwa kawaida ALEKS hukupa mazoezi ya kuziba mapengo yaliyoonekana, kisha ukaruhusiwa kurudia. Mwezi mmoja wa mazoezi hayo ukiwa bado nyumbani una faida kubwa kuliko kujiingiza darasa la juu kwa ujanja.

Kwa waliomaliza kidato cha sita kuna suala la krediti. Baadhi ya vyuo hutambua ufaulu mzuri na kukuruhusu kuruka somo la mwanzo, vingine hutambua A-level ya Cambridge pekee, vingine havitoi kitu. Ukipewa ruhusa ya kuruka, omba karatasi ya mtihani wa mwisho wa somo unaloliruka, ukae nayo mezani bila daftari. Ukiweza sehemu kubwa, ruka. Kama unakumbuka titresheni vizuri lakini thermodinamiki imekuponyoka, rudi ulisome hilo somo na ujenge msingi. Hakuna aibu.

Jihadhari pia na masomo yanayofanana majina. Chuo kimoja kinaweza kuwa na kemia ya wanasayansi, kemia ya wauguzi na kemia ya wanafunzi wa sanaa wanaotimiza sharti la sayansi. Ya pili na ya tatu zina ratiba nzuri na sifa ya wepesi, ila mara nyingi hazikufikishi kwenye oganiki. Fizikia nayo iko ya aina mbili, inayotumia aljebra na inayotumia kalkulasi, na mhandisi aliyechukua ya aljebra atalazimika kuanza upya. Katika maelezo rasmi ya kila somo kuna mstari unaotaja masomo tangulizi. Wengi husoma mstari huo kwa somo wanalolitaka sasa. Usome kwa somo la mwakani, uone linadai aina gani ya somo la mwaka huu.

Kuchagua mwendo wa taratibu ni jambo la heshima hata penye vichwa vikali. MIT, chuo maarufu cha sayansi na teknolojia, ambako kila mwanafunzi hupitia fizikia, kuna somo la 8.01 la kawaida, kuna 8.012 lenye hisabati nzito, na kuna 8.01L linalofundisha yale yale kwa muda mrefu zaidi, likiendelea hadi Januari. Chuo hicho hicho hakiweki alama za herufi kwenye transkripti ya muhula wa kwanza: ukifaulu inaandikwa umefaulu, usipofaulu hakiandikwi kitu kwa mtu wa nje kuona. Waliopanga utaratibu huo walielewa kwamba muhula wa kwanza ni wa kupima kina cha maji. Vyuo vingi havina kinga hiyo, kwa hiyo itabidi ujikinge mwenyewe kwa kupanga mzigo unaobebeka.

Mzigo huo hesabu yake ni hii. Krediti moja hukadiriwa kuwa saa moja darasani na saa mbili au zaidi za kujisomea kila wiki. Krediti 15, ambazo kwa mihula 8 zinakufikisha 120 za shahada, ni saa 45 kwa wiki. Lakini maabara huvuruga hesabu: saa 3 za kusimama mbele ya meza mara nyingi hulipwa krediti 1 tu, na ripoti bado inakusubiri usiku. Mwanafunzi aliyejiandikisha kemia, biolojia na fizikia kwa pamoja, zote na maabara, anaonekana kwenye karatasi ana mzigo sawa na mwenzake wa historia. Sivyo ilivyo. Mimi hupendekeza kemia na maabara yake krediti 4, kalkulasi 4, somo la uandishi 3, somo moja la jamii au sanaa 3, na semina fupi ya wanafunzi wapya krediti 1. Jumla ni 15. Anayetaka sana biolojia ya mwanzo anaweza kuiweka mahali pa somo la jamii, mradi ajue kwamba Jumamosi zake zimeondoka.

Sasa tuje kwa maprofesa. Wanafunzi wengi hukimbilia Rate My Professors, tovuti iliyoanza mwaka 1999, wakahesabu nyota na kusoma nani anatoa A kwa urahisi. Maoni hayo yana faida ndogo: yatakuambia kama mwalimu hachelewi, kama anajibu barua pepe, kama anasahihisha kazi kwa wakati. Kama utajifunza, hayakuambii. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha alama ambazo wanafunzi huwapa walimu na kiasi wanafunzi hao walichojifunza, wakaona hakuna uhusiano wa maana.

Utafiti ninaowaeleza wanafunzi mara nyingi zaidi ni wa Scott Carrell na James West, uliochapishwa mwaka 2010. Walitumia kumbukumbu za Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kilichoko Colorado, ambako mwanafunzi hachagui mwalimu, hupangiwa kwa bahati nasibu, na mikondo yote ya somo hufanya mtihani mmoja. Walifuatilia wanafunzi zaidi ya 10,000. Waliofundishwa kalkulasi ya kwanza na walimu wenye uzoefu mdogo walipata alama bora kwenye mtihani wa somo hilo, na wakawasifu walimu wao. Waliofundishwa na walimu wazoefu walipata alama za chini kidogo na hawakuwasifu sana. Lakini masomo ya mbele yaliyotegemea kalkulasi yalipofika, hao wa pili ndio waliofanya vizuri. Mwalimu anayekufundisha hasa kile kitakachotoka kwenye mtihani anakupa raha ya muhula mmoja. Anayekulazimisha kuelewa chanzo cha kanuni anakutayarishia muhula unaofuata, na aghalabu hutamshukuru kwa wakati ule.

Kuna jambo la pili, na wanafunzi waliolelewa kwenye madesa na pasti pepa walishike kwa makini. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Katika madarasa ya mhadhara mtupu, walioshindwa walikuwa wastani wa 33.8%, katika madarasa ambayo wanafunzi hutatua maswali, hujadiliana na kujibu papo hapo, walikuwa 21.8%. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard wakaonyesha upande wa pili: wanafunzi wa fizikia walijifunza zaidi katika darasa la namna hiyo, ila wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliposikiliza mhadhara uliopangwa vizuri. Kwa hiyo ukikuta maoni yanayolalamika kwamba profesa "anatufanya tujifundishe wenyewe", usimwache kwa hilo peke yake. Tafuta silabasi yake ya muhula uliopita, yaani mpango wa somo ambao profesa huwapa wanafunzi wake, uone anachofanya darasani.

Silabasi ndiyo nyaraka ya kusoma. Angalia mgawanyo wa alama kwanza. Profesa mwenye mitihani miwili tu inayobeba asilimia 80 anamuadhibu vikali mgeni ambaye hajazoea aina ya maswali. Mwenye majaribio madogo ya kila wiki anakuonyesha kosa lako wiki ya pili, kabla halijawa deni. Tazama pia kama anafuta mtihani mmoja uliofanya vibaya zaidi, na kama alama hutolewa kwa kulinganisha wanafunzi au kwa kiwango kilichowekwa tangu mwanzo.

Kwenye vyuo vikubwa, lakini, uhuru wa kuchagua profesa ni mdogo kuliko unavyoonekana. Ukifungua mfumo wa usajili utaona kitu cha namna hii: mkondo 003, mhadhara Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa nne asubuhi, viti 320, kikundi cha mjadala Alhamisi, viti 24, maabara Jumanne saa saba mpaka saa kumi. Penye jina la mwalimu pengine pameandikwa "Staff", maana yake hajapangwa bado. Profesa utamwona kwa mbali. Atakayekujua kwa jina ni mwanafunzi wa uzamivu anayeongoza kile kikundi cha watu 24 na anayesimamia maabara. Basi usiharibu ratiba nzima kwa kumfuata mhadhiri mmoja maarufu. Chagua mkondo ambao baada ya mhadhara una saa moja tupu ya kupitia ulichoandika, na ambao saa za ofisi za mwalimu hazigongani na maabara yako.

Na hizo saa za ofisi zitumie. Kwetu mwanafunzi akiitwa ofisini kwa mwalimu, wenzake hudhani ana kesi. Marekani muda huo upo kwenye silabasi kwa ajili yako, na profesa hukaa pale akisubiri. Nenda wiki ya pili ukiwa na swali moja lililoandikwa na hatua ulizokwama. Mwite Profesa au Daktari pamoja na jina la ukoo mpaka yeye mwenyewe akuambie vingine.

Hakuna sapu. Kwa kawaida ukifeli unalipia somo na kulisoma tena, na walio na ndoto ya udaktari wajue kwamba AMCAS, mfumo mkuu wa maombi ya shule za udaktari za huko, huhesabu alama zote mbili, ya kwanza na ya marudio. Kwa hiyo kama umewekwa ngazi isiyokufaa, chukua hatua mapema. Wiki ya kwanza, na penginepo ya pili, unaruhusiwa kuacha somo au kuhamia jingine bila alama yoyote kubaki. Baada ya hapo, hadi tarehe iliyotajwa kwenye kalenda ya chuo, ukiacha inabaki W, yaani alama ya kujiondoa, kwenye transkripti. W moja haiharibu maisha ya mtu.

Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, ana sharti la ziada: asishuke chini ya krediti 12, na kati ya hizo asihesabu zaidi ya somo moja, au krediti 3, la mtandaoni. Lakini kanuni hizo hizo za uhamiaji zinatambua shida za mwanafunzi mgeni. Aliyekwama kwa lugha, kwa kutozoea ufundishaji wa Kimarekani, au kwa kupangwa ngazi isiyo yake, anaweza kuruhusiwa kupunguza masomo hadi krediti 6, mara moja katika ngazi hiyo ya elimu, kisha muhula unaofuata arudi kwenye mzigo kamili. Ruhusa hutolewa na afisa wa wanafunzi wa kimataifa wa chuo chako, na lazima aitoe kabla hujaacha somo. Mwandikie siku hiyo hiyo unapoona kwamba umezidiwa, umpelekee silabasi na matokeo ya majaribio yako ya mwanzo, na usibofye kitufe cha kuacha mpaka akujibu kwa maandishi.