Mchoro wa anga za juu sio lazima uwe na roketi

Oktoba ikikaribia walimu wa sanaa na wa sayansi huku Mwanza wanaanza kunitafuta, kwa sababu tarehe 4 mpaka 10 ya mwezi huo ni Wiki ya Anga Duniani na kuna shule huwa zinaandaa shindano la uchoraji, mada ikiwa ileile kila mara: binadamu ataishije huko anga za juu miaka ijayo. Mimi sio mchoraji, kazi yangu ni kusoma picha za setilaiti za ziwa, ila nikiitwa kuwa jaji naenda mbio, maana hapo ndo fizikia na rangi zinakaa meza moja.

Sasa niseme wazi jaji anaona nini. Ukitandaza manila zote sakafuni, nusu ni roketi ileile, imesimama wima, moto chini, bendera ubavuni, nyota kila kona, imetolewa Google. Rangi zimekaa vizuri na dogo kajitahidi kweli, lakini swali limeuliza binadamu ataishije na humo ndani binadamu hayupo. Roketi ni usafiri tu jamani. Inakufikisha kwenye mzunguko wa dunia kwa dakika nane au tisa hivi, baada ya hapo mtu anatakiwa ale, alale, aoge, agombane na ndugu zake. Hicho ndo nataka kukiona.

Na hicho kinabadilika kulingana na mahali. Tuanze na Mwezi. Kule hakuna hewa ya kutawanya mwanga, kwa hiyo mbingu ni nyeusi hata jua likiwa utosini, na vivuli vina ukingo mkali. Bendera haipepei, zile za Apollo, safari za Wamarekani za kwenda Mwezini, zilishonwa pindo kwa juu zikapitishiwa fimbo ndo zikakaa zimetanuka. Na hizo nyota mnazojaza, picha za Apollo za mchana hazina nyota kwa sababu kamera zilisetiwa kwa ajili ya ardhi inayong'aa. Alafu kuna kitu watoto wanakipenda sana nikiwaambia: ukiwa upande wa Mwezi unaotutazama sisi, Dunia haichomozi wala haizami. Inakaa karibu palepale angani, inabadilika umbo tu, mara nusu mara nzima, na upana wake unaonekana karibu mara nne ya mwezi tunaouona tukiwa Kirumba. Mtoto akichora dirisha la nyumba ya Mwezini na Dunia imekaa humo kila siku, hapo ameshaanza kuniambia kitu kuhusu maisha ya huyo mtu.

Kuna msichana wa kidato cha pili alichora jiko la Mwezini. Bibi kavaa kitenge anakaanga dagaa, mafuta yameruka mpaka karibu na dari, matone yamechorwa mojamoja kwa penseli ya njano, mjukuu kajikinga na mfuniko wa sufuria. Nikamuuliza, mwanangu, mbona mafuta yameruka hivi? Akasema, "Mwalimu, mvutano wa kule si moja ya sita ya huku, kwa hiyo likiruka linaenda juu mara sita." Haya, na dirisha mbona dogo? "Mionzi, mwalimu." Sikuwa na swali lingine. Halafu angalieni, bibi yake kasimama chini kabisa, kitenge kimeshuka kawaida, maana Mwezini mvutano upo japo mdogo, na hapo ndo wengi wanateleza, wanawachora watu wa Mwezini wanaelea kama puto.

Kuelea ni kwa wale walio kwenye kituo cha kimataifa cha anga, ISS, na sababu yake sio ile wengi wanayodhani. Kituo kipo kama kilomita 400 juu, na mvutano wa Dunia pale bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa kwetu. Watu wanaelea kwa sababu kituo kinaanguka muda wote na wao wanaanguka nacho, ila kinaenda mbele kwa kasi ya kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila kikianguka Dunia nayo inakuwa imejikunja chini yake. Ndani humo vya kuchora viko tele. Moto wa mshumaa unakuwa duara dogo la bluu badala ya ulimi, kwa sababu hewa ya moto haipandi. Mtu akilia machozi hayateremki, yanajikusanya jichoni kama donge. Begi la kulalia linafungwa ukutani. Mkojo unasafishwa na kurudi kuwa maji ya kunywa (darasa zima likisikia hii ni kelele). Mazoezi ni kama masaa mawili kila siku kwa sababu mifupa isiyobeba uzito inapungua nguvu, na jua linachomoza mara 16 kwa siku moja ya saa yako. Sasa hapo mtu wa kuswali au wa kufunga anafanyaje? Huo peke yake ni mchoro.

Mars ni hadithi nyingine. Vumbi linaifanya mbingu ya mchana iwe na rangi ya kahawia inayoelekea njano, na jua likizama pale pembeni yake panakuwa bluu, yani kinyume cha machweo yetu hapa Capri Point. Mvutano ni asilimia 38 ya wa Dunia. Hewa ni nyepesi mno, chini ya asilimia moja ya mgandamizo wa huku, na hakuna usumaku wa sayari nzima wa kuzuia mionzi, kwa hiyo yale majumba ya vioo yanayometameta watu wanayopenda kuchora sijui nani atakaa humo. Wataalamu wanazungumzia kuishi mapangoni au kufunika nyumba kwa udongo. Watoto wa Mwanza kwenye hili mko mbele, mmezaliwa kwenye nyumba zilizojibanza katikati ya majabali, nendeni Mabatini na penseli mkaangalie ukuta unavyoegemea jiwe, mlango unavyotafuta pa kutokea.

Halafu umbali. Ujumbe wa redio kutoka Mars unachukua dakika kati ya 3 na 22 kutufikia, inategemea sayari zimekaaje. Maongezi ya simu hayapo. Kijana mmoja alichora tu mkono wa mama na simu, WhatsApp iko wazi, voice note imetumwa, tiki moja, na kwa nyuma mboga inaungua. Nilicheka alafu nikampa alama za juu kuliko roketi zote za siku ile.

Kwa wanaotaka kuchora ziwa likionekana kutoka juu, ngoja niwape siri ya kazini kwangu. Mimea inarudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, maji yanaumeza. Tukitengeneza picha tunaipa infraredi rangi nyekundu, kwa hiyo ziwa linatoka jeusi na magugu maji yanawaka mekundu, unaona kabisa yalivyosukumwa na upepo yakajaa kwenye ghuba. Setilaiti za Sentinel-2 ninazotumia, kila kidoti cha picha ni mita 10 kwa 10, mtumbwi wa dagaa unapotea humo lakini kisiwa cha magugu hakijifichi. Na asiwaambie mtu kuwa mambo haya hayajafika pwani zetu: setilaiti ya Uhuru, ya kwanza iliyojengwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi.

Vifaa msihangaike. Aleksei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, Machi 1965, alikuwa na penseli za rangi tu, zimefungwa kwa uzi zisipotee, akachora jua likichomoza juu ya Dunia. Penseli na manila zinatosha. Wazazi, tafadhali msiwachoree, mkono wa mtu mzima tunaujua.

Maelezo ya mchoro yawe sentensi tatu: nani yupo kwenye picha, anafanya nini, na kitu gani cha kule kimemlazimisha afanye tofauti na huku. Hiyo ya tatu ikigoma kuandikika, rudi kwenye mchoro kabla hujapaka rangi. Kama kazi inatumwa kwa simu, piga picha nje kivulini asubuhi, manila imebandikwa ukutani, flashi umeizima, maana krayoni inang'aa sana na mimi hapo nabaki nakisia tu ulichora nini.